Binti yangu anasahau kila kitu ndani ya chumba cha mtihani, na baba yake anataka awe daktari

*"Binti yangu yuko kidato cha sita, kombi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), shule ya kutwa hapa Morogoro. Mtihani ni Mei, zimebaki wiki saba. Anakesha na madaftari mpaka saa nane usiku, na mimi namuamsha saa kumi na moja alfajiri kwa sababu mwalimu wa twisheni alituambia kichwa cha alfajiri ndicho kinachoshika. Mtihani wa majaribio wa mkoa amepata Biolojia C, Fizikia D, Kemia E. Anasema alipofungua pepa ya Kemia kila kitu kilifutika, mikono ikatetemeka, halafu jibu la swali la kwanza likamrudia akiwa kwenye daladala anarudi nyumbani. Baba yake anataka awe daktari na kila siku anamtajia binamu yake aliyeko Muhimbili. Mwenyewe aliwahi kuninong'oneza kwamba anapenda mambo ya lishe. Baba yake akisikia atasema hakulipa ada zote hizo ili mtoto akafundishe watu kupika uji. Nimemnyang'anya simu na nimemuongezea twisheni ya Jumapili. Siku hizi haongei, na chakula anakigusagusa tu. Nifanye nini zaidi? Na tumwambie achague chuo gani?"*

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi nikihesabu. Saa nane usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri ni masaa matatu ya kulala. Ongeza shule, ongeza twisheni ya jioni, na sasa ile ya Jumapili. Kisha unaniuliza ufanye nini zaidi. Karibu kila nitakalokuambia hapa ni la kupunguza, kwa hiyo nivumilie.

Nianze na habari njema, maana ipo. Nilifundisha Kemia ya kidato cha tano na sita kwa miaka kadhaa kabla sijahamia kwenye ushauri nasaha, na sentensi iliyonipa moyo katika barua yako ni ile ya daladala. Jibu ambalo halikuwahi kuingia kichwani halimrudii mtu akiwa amebanwa kwenye kiti cha nyuma. Kemia anayo, walau kwa kiasi. Siku ile alikosa njia ya kuifikia, na hilo ni tatizo tofauti kabisa na kutojua. Kumuongezea twisheni ni kutibu ugonjwa ambao huenda hana.

Inakuwaje mtu asahau kitu anachokijua? Ubongo una ghala na una meza. Ghala ni kubwa mno. Humo kuna nyimbo za chekechea, njia ya kwenda kwa bibi na jedwali la elementi. Meza ni ndogo. Ni pale mwanafunzi anaposhikilia namba mbili akitafuta ya tatu huku akikumbuka swali limeuliza nini hasa. Wataalamu huiita kumbukumbu tendaji, nayo hubeba vitu vichache tu kwa wakati mmoja. Sasa fikiria uko jikoni unakata vitunguu juu ya meza yako ndogo, mtu akaingia akatua juu yake ndoo ya maji, mkoba wake, na kuku aliyefungwa miguu. Kisu unacho, vitunguu unavyo, nafasi ndiyo huna. "Nikifeli hii baba atasema nini" ni ndoo. "Binamu asingekwama hapa" ni mkoba. "Mama ameuza vitenge nilipiwe twisheni" ni kuku, na kuku huyo hatulii. Wakati huohuo mwili umemwaga adrenalini na kotisoli, homoni zilizoumbwa kumsaidia mtu kukimbia au kupigana. Ndiyo sababu ya mikono kutetemeka na moyo kupiga mbio. Alipotoka nje akapanda daladala, hofu ilishuka, meza ikawa tupu, jibu likatua.

Siyo kwamba hofu yote ni mbaya. Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson walichapisha majaribio yao na panya: kazi ilipokuwa rahisi, msukumo mkali haukumharibia panya, kazi ilipokuwa ngumu, panya aliyesukumwa kwa wastani alijifunza haraka kuliko aliyesukumwa kwa nguvu. Binti yako si panya, lakini Kemia ya kidato cha sita ni kazi ngumu, na nyumbani kwenu msukumo ulishapita wastani muda mrefu.

Basi tufanye nini na meza hiyo? Dawa ya kwanza ni mazoea. Jumamosi mbili kila mwezi (au kila Jumamosi, ikiwa mwenyewe atataka) akae mezani na pepa kamili ya NECTA, Baraza la Mitihani, ya mwaka uliopita, masaa matatu, saa ya ukutani mbele yake, mlango umefungwa, wadogo zake wako nje, asiguse daftari. Mara ya kwanza mikono itatetemeka tena. Afadhali itetemekee nyumbani. Mara ya nne mwili utakuwa umeshajifunza kwamba karatasi ile haina meno. Mwambie asianze na swali namba moja kwa sababu tu ni namba moja. Asome pepa yote kwanza, achague analoliweza, aanze nalo. Akihisi kichwa kinafutika, aweke kalamu chini, avute pumzi kawaida na kuitoa polepole, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, mara tano au sita. Kutoa pumzi polepole hupunguza mapigo ya moyo, na haihitaji imani yoyote ili ifanye kazi.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wanafunzi wangu hulicheka kabla ya kulijaribu. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock walichapisha utafiti uliowapa wanafunzi wenye hofu ya mtihani dakika kumi, muda mfupi kabla ya kuanza, waandike kwenye karatasi yale yanayowatia hofu. Walioandika walifanya vizuri kuliko wenzao. Maelezo ni yaleyale ya meza: ndoo na kuku vimehamishiwa kwenye karatasi. Si dawa ya kila mtu. Ila gharama yake ni karatasi moja, na karatasi hiyo achane mwenyewe. Wewe usiisome.

Sasa usingizi, na hapa nitakukosoa waziwazi. Mwalimu wa twisheni amesema nusu ya kweli. Kichwa cha alfajiri kinashika, ndiyo, kichwa cha mtu aliyelala saa tatu usiku kama walivyolala bibi zetu. Kijana wa umri wake anahitaji masaa nane mpaka kumi. Tena katika balehe saa ya mwili husogea mbele: melatonini, homoni inayoleta usingizi, huanza kupanda usiku zaidi kuliko kwa mtoto mdogo au mtu mzima. Kijana anayeshindwa kulala saa tatu na kushindwa kuamka alfajiri hana uvivu wala hajarogwa, ni umri. Kubwa zaidi ni kwamba usingizi wenyewe ni sehemu ya kusoma. Alichosoma mchana hukaa kwanza mahali pa muda, sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, na wakati wa kulala ubongo hukipitia upya na kukihamishia mahali pa kudumu. Ukimuamsha baada ya masaa matatu umemkatiza mtunza ghala akiwa na magunia mgongoni. Mzigo uliobaki nje unamwagika, naye kesho anausoma upya akidhani ni mzito wa kuelewa.

Saa nne usiku madaftari yafungwe. Aamke saa kumi na mbili, au saa ambayo bado inamfikisha shuleni. Wiki ya kwanza atalalamika kwamba wenzake wanapiga msuli mpaka majogoo. Mwache alalamike. Chai ya rangi na vinywaji vya kuongeza nguvu vikomee saa kumi jioni. Nimeshaona chupa tatu za vinywaji hivyo chini ya kitanda cha mtoto aliyeletwa kwangu kwa "moyo kwenda mbio", na wazazi walikuwa wameshamzungusha kwa waombezi wawili.

Utaniuliza: akilala hivyo atasoma saa ngapi? Atasoma muda mfupi kwa namna nyingine. Wanafunzi wetu wengi husoma kwa kurudia: kaunta buku lilelile, kalamu ya kung'arisha, mstari wa tano kwa rangi ya njano. Kurudia kunadanganya, maana kitu ulichokiona jana kinaonekana unakijua. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima hili mwaka 2006. Kundi moja lilisoma habari fulani na kuirudia. Jingine likasoma, kisha likafunga karatasi na kujaribu kuikumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia walishinda. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojipima wenyewe ndio walioshinda, tena kwa mbali. Mtihani wa taifa haufanywi dakika tano baada ya kusoma.

Kwa hiyo: asome topiki, afunge daftari, achukue karatasi tupu aandike anachokumbuka, afungue aone alichoacha. Arudie baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki. Inachosha na inaudhi, kwa sababu inamwonyesha asichojua, na ndiyo sababu watoto huikwepa. Kuna hazina nyingine ambayo wazazi na hata baadhi ya walimu hawaigusi: NECTA huweka kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, zikiwa na mifano ya majibu halisi yaliyopata alama na yaliyokosa, na maelezo kwa nini. Kwangu mimi taarifa hizo za Kemia za miaka mitatu iliyopita zina faida kuliko twisheni ya Jumapili. Ondoa twisheni ya Jumapili.

Ile E nayo usiiache kama herufi tu. Aombe karatasi yake ya mtihani wa majaribio, akae na mwalimu wake wa Kemia nusu saa, wagawe alama zilizopotea mafungu matatu: maswali aliyoyaacha wazi, hesabu alizozianza vizuri zikaharibikia njiani, na yale ambayo kweli hajui. Nikikisia kutokana na barua yako, fungu la kwanza litakuwa kubwa kuliko mnavyodhani. Lile la tatu ndilo pekee linalohitaji kufundishwa. Na asisahau pepa ya vitendo: mtoto mwenye mikono inayotetemeka anaihitaji maabara mara nyingi kabla ya Mei, mpaka kusoma mstari wa bureti, ule mrija wa kupimia, kuwe kama kusoma saa.

Simu mrudishie, kwa masharti. Najua inakula muda. Lakini kwa mtoto ambaye ameacha kuongea nyumbani, simu huenda ndiyo mlango pekee uliobaki wa kuongea na mtu. Mpatane saa moja jioni baada ya kula, halafu usiku simu ilale chumbani kwako. Mwambie pia jambo moja kuhusu magrupu: mtu anayeuza "pepa iliyovuja" ni tapeli, na pepa ikiwa kweli imevuja, NECTA hufuta matokeo ya waliohusika. Aondoke kwenye grupu lolote la namna hiyo leo.

Nimefika kwenye kiini, na ningeomba hapa usome pamoja na shemeji kama anakubali kukaa.

Nyumbani kwenu mmefunga mizigo miwili kwa kamba moja. Mzigo mmoja ni mtihani wa Mei. Mwingine ni chuo, kazi, na ubishi wa nani atakuwa nani. Mtoto akikaa mbele ya swali la elektrokemia hapimwi elektrokemia peke yake. Anapimwa kama atakuwa daktari, kama baba atamheshimu, kama atapaswa kusema ile siri ya lishe au ataimeza. Hakuna swali la alama kumi linaloweza kubeba hayo. Kateni kamba. Hata kalenda inawaruhusu: mtihani ni Mei, matokeo hutoka Julai, na mwombaji huchagua programu za shahada akiwa tayari ana matokeo mkononi. Mpaka pepa ya mwisho, neno "Muhimbili" lisitamkwe nyumbani humo isipokuwa kama kuna mgonjwa wa kwenda kumtazama. Wala binamu asitajwe. Mnaweza kumwambia hivi, kwa maneno yenu: "Mambo ya chuo tumeyaweka pembeni. Tutayaongea Juni, na utasikilizwa." Sehemu ya mwisho iwe kweli.

Shemeji nisimwonee. Baba anayetaka udaktari mara nyingi anataka mtoto asije akahangaika, na amewaona madaktari hawahangaiki. Picha hiyo ina umri. Siku hizi kuna vijana waliosoma udaktari miaka mitano, wakafanya mwaka wa mafunzo kwa vitendo, na bado wanasubiri ajira za serikali. Ni taaluma nzuri na nchi inawahitaji, ila si hundi. Na uji je? Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na Iringa, mkoa unaolima mahindi ya kulisha wengine, ulikuwa na zaidi ya nusu. Ghala limejaa na mtoto amedumaa: hapo ndipo mtaalamu wa lishe anapofanya kazi. Taasisi ya Chakula na Lishe ipo kwa sheria tangu 1973, halmashauri zina maafisa lishe, hospitali zina wataalamu wa lishe, viwanda vya chakula vinawahitaji pia. Nako pia ajira haina hakika, nisikudanganye. Ila kicheko cha uji kinatoka kwa mtu ambaye hajamuuliza afisa lishe anashinda akifanya nini.

Na ninyi mko Morogoro! SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kiko mlangoni, na humo kuna shahada ya lishe ya binadamu na ya sayansi na teknolojia ya chakula. Familia nyingi hudharau chuo kwa sababu daladala ya kukifikia ni ya nauli ndogo. Baada ya mtihani, mpeleke akazungumze na wanafunzi wa mwaka wa pili, si wa kwanza ambao bado wana mshangao. Kisha muombeeni nusu siku na afisa lishe wa hospitali, na nusu siku nyingine na daktari au muuguzi wodini. Kijana wa miaka kumi na minane anayesema "napenda lishe" huenda anapenda kweli, au anakimbia Kemia, au anamkimbia baba. Lishe nayo ina biokemia ya kutosha kumchosha anayekimbia. Asubuhi mbili kazini zitamwonyesha anakimbia au anaenda.

Kuhusu alama, kuna jambo linalowachanganya karibu wazazi wote. NECTA na TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, wanahesabu kinyume. Kwa NECTA, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5; pointi chache ndiyo sifa. Kwa TCU, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Pointi nyingi ndiyo sifa. Chukua matokeo yake ya majaribio: C, D, E. Kwa NECTA ni pointi 12, divisheni tuu, mtaani mtapongezwa. Kwa TCU ni pointi 6. Kizingiti cha jumla cha kuingia shahada ya kwanza ni ufaulu wa masomo mawili yanayotakiwa na programu husika, jumla isiyopungua pointi 4, na C ya Biolojia na E ya Kemia zinafika hapo bila senti ya ziada. Udaktari unadai Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu, kwa alama za juu kuliko E ile. Kwa hiyo divisheni tuu hiyohiyo inafungua mlango mmoja na kufunga mwingine. Tena kukidhi kigezo ni kupata ruhusa ya kupanga foleni tu. Muhimbili, foleni ya udaktari imejaa watoto wenye A na B.

Itakapofika Julai, fungueni mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huohuo, si picha iliyosambazwa ya mwaka juzi, msome mstari wa kila programu: masomo gani, alama gani, miaka mingapi, nafasi ngapi. Chagueni programu kwanza, jina la chuo baadaye. Maombi hupelekwa moja kwa moja kwenye vyuo. Mfumo wa zamani wa kuomba kwa pamoja kupitia TCU uliondolewa 2017. Asiombe udaktari vyuo vyote kama mtu anayerusha nyavu mahali pamoja. Aweke la ndoto, la katikati, na la uhakika, na lile la uhakika liwe jambo ambalo kweli atakubali kulisoma. Akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja atatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa simu, ndani ya siku chache. Laini hiyo iwe ya kwenu na iwe hewani. Nasema hivi kwa sababu baada ya mtihani wahitimu wengi huitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, na matokeo huwakuta kambini, huku nyumbani mjomba anajaza fomu kwa niaba yao kadiri alivyoelewa yeye. Kabla hajapanda basi, aache orodha aliyoiandika kwa mkono wake.

Pesa pia izungumzwe mapema. Ada ya udaktari katika vyuo binafsi ni mara kadhaa ya ile ya vyuo vya umma, na mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo, hauzibi pengo lote kila mara. Mkopo ni deni: akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Hiyo si sababu ya kuuogopa, ni sababu ya mwanafunzi mwenyewe kuijua kabla ya kusaini.

Je, matokeo yakiwa mabaya? Anaweza kurudia masomo mwaka unaofuata kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anaweza kuingia stashahada ya uganga au uuguzi kwa matokeo ya kidato cha nne, akifaulu vizuri akaomba shahada kutokea hapo. Nawajua madaktari waliopitia njia hiyo, na wodini wanaaminika mapema kuliko wenzao. Chuo Kikuu Huria nacho kina programu ya msingi kwa waliokosa pointi. Hayo usiyafungue leo mezani kama mpango wa mazishi. Yabaki kichwani mwako ili uso wako utulie anapokutazama, maana anakutazama.

Kuna kitu kimoja katika barua yako ambacho hakingoji Mei: kuacha kuongea na kugusagusa chakula. Inawezekana ni uchovu wa masaa matatu. Mpe wiki moja ya usingizi kamili uone. Lakini kama hali imeshavuka wiki mbili, kama anapungua mwili, anajitenga hata na rafiki zake, analia bila kusema sababu, anajiumiza, au anatoa kauli kama "ningepotea tu mpumzike", hiyo si hofu ya mtihani tena. Muulize wazi, mkiwa wawili: "Umewahi kufikiri kwamba ni bora usingekuwepo?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo, mara nyingi kunamtua mzigo wa kulificha. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, usimsimange, usimkimbize kwa waombezi badala ya hospitali. Nendeni siku hiyohiyo hospitali ya rufaa ya mkoa, mwombe huduma ya afya ya akili. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bure, na wewe mzazi unaweza kuipiga kuomba mwongozo. Hata dalili zikiwa nyepesi kuliko hizo, kama baada ya pepa mbili tatu za mazoezi bado kichwa kinafutika, mtafutie mwanasaikolojia au mwalimu wa ushauri wa shule amwone ana kwa ana. Mimi namwona kupitia macho yako tu, na macho ya mama yanapenda.

Leo usiku zima taa yake saa nne. Najua kesho saa kumi na moja utaamka mwenyewe kwa mazoea. Usimgongee. Chemsha chai yako, utoe lile faili la vyeti, ulinganishe jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa na lile la cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi. Maombi ya mkopo yatahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kila mwaka kuna wanaohangaika Agosti kwa sababu ya "Mwanahidi" na "Mwanaidi". Ukikuta tofauti, wiki hii nenda RITA ukaulize utaratibu wa kurekebisha, na kama hujui kitambulisho cha mdhamini wake kiko wapi, kitafute. Kazi hiyo ni yako, na ukiifanya sasa, yeye hatakuwa na haja hata ya kujua kwamba ilikuwepo.